Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mgonjwa asiulizwe kosa lake mlangoni

Mheshimiwa Waziri,



Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe linasemwa hadharani. Linasemwa kwenye daladala, misibani, katika vipindi vya redio vya asubuhi, na hata kwenye korido za wodi ambamo nimefanya kazi ya uuguzi sehemu kubwa ya umri wangu. Watu wanasema hivi: kwa kuwa Tanzania inaelekea bima ya afya kwa wote, na wasio na uwezo watalipiwa na Serikali, basi waliojitakia maradhi wajilipie wenyewe. Mlevi aliyeharibu ini ajilipie. Mvuta sigara aigharamie saratani yake. Kijana wa bodaboda aliyepakia mishikaki bila helmeti auze pikipiki yake ndipo awekewe vyuma mguuni. Na yule aliyeambiwa na daktari apunguze soda na chipsi akakaidi, sukari ikimpanda asije kutumalizia dawa.

Ombi langu ni kwamba wazo hili lisipate nafasi yoyote katika utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Lisiingie katika kanuni, wala katika kitita cha mafao, wala katika vigezo vya kuwatambua wasio na uwezo. Ulikatae kwa kauli yako mwenyewe, mapema, kabla halijazoeleka.

Wanaolisema si watu wabaya. Wengine ni wenzangu wa kazi, watu waliokesha na wagonjwa usiku kucha kwa mshahara mdogo. Fedha hazitoshi, na kila aliyewahi kufika dirisha la dawa akaambiwa akanunue nje analijua hilo. Mama aliyejitunza, asiyegusa pombe, anayelala ndani ya chandarua na kuhudhuria kliniki kila tarehe aliyopangiwa, anafika na mtoto wake na kukuta kitanda kimekaliwa na mtu aliyeokotwa kilabuni. Anauliza kwa nini mchango wake umtibu huyo. Swali lake ni la haki, na wazee wetu walikwisha kusema kuwa mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Wala si sisi peke yetu tuliofika hapo. Desemba 2021 Singapore iliacha kuwalipia bili za hospitali za UVIKO-19 watu waliokataa chanjo kwa hiari yao. Uingereza, ambako huduma ya afya ya umma imekuwa bure tangu Julai 1948, bodi ya afya ya eneo la Vale of York ilitangaza mwaka 2016 kwamba wanene kupita kiasi na wavuta sigara wangecheleweshewa upasuaji usio wa dharura, jambo lililozua mjadala mkubwa hadi ngazi ya taifa ikaingilia kati. Hizo ni nchi zenye fedha na takwimu kuliko sisi, nazo zimejaribu.

Mfano wa Singapore ndio wenye nguvu kuliko yote upande wa pili, kwa hiyo nauangalia kwanza. Pale dunia ilikuwa katikati ya janga. Kinga ilikuwa bure na karibu na kila mtu, na kuikubali kulikuwa kitendo kimoja kinachoonekana kwenye rejesta: umechanjwa au hujachanjwa. Nitafutie, Mheshimiwa, ugonjwa mwingine katika wodi zetu unaokuja kwa njia nyoofu namna hiyo. Mimi sijauona.

Chukua saratani ya koo la chakula. Ni miongoni mwa saratani zinazotutesa sana, na ukanda wake unatambaa upande wote huu wa mashariki ya Afrika, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini. Mgonjwa huja akiwa amekonda, anasema chakula kinakwama, siku hizi anameza uji tu, na mara nyingi anapofika kwetu tayari tumechelewa wote wawili. Sababu zake ni nyingi na zimechanganyika, lakini mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitamka kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, huenda vinachangia. Watafiti waliopima joto la chai mkoani Kilimanjaro walikuta watu wanaanza kuinywa ikiwa juu ya kiwango hicho. Chai ya maziwa, Mheshimiwa, ile tunayomwekea mgeni mezani ikiwa inafuka moshi, na ikipoa kidogo tunaona aibu. Tukianza kuwahukumu waliojitakia, bibi aliyekunywa chai ya moto miaka sitini tutampeleka foleni ipi? Hakuna anayewaza kumnyima matibabu, kwa sababu chai haina aibu. Kumbe kinachotuongoza ni aibu, na madhara tunayatafuta baadaye. Tunawatafuta watu ambao tayari tulikuwa hatuupendi mwenendo wao, kisha tunauita uamuzi huo kubana matumizi.

Au mama aliyepika kwa kuni na mkaa tangu utotoni, na sasa kifua kinabana kama cha mvutaji wa pakiti mbili kwa siku. Alichagua? Serikali yenyewe imekubali kwamba hakuchagua, ndiyo maana Mei 2024 ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Huo ndio mtazamo ninaoutetea: tumeona moshi unaua, tukamtafutia mama jiko, bila kumfukuza hospitalini kwa kosa la kupika.

Mchimbaji wa Mirerani anavuta vumbi la mwamba shimoni, na akitoka anavuta sigara. Mapafu yakifa, nani atagawanya tundu hili ni la vumbi na hili la sigara? Hakuna kipimo cha maabara kinachotoa jibu hilo. Kijana wa bodaboda naye tunamwona pale tu anapoanguka. Hatuioni barabara isiyo na taa, wala mkataba unaomtaka apeleke hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni, iwe mvua iwe jua. Na yule aliyepanda nyuma? Usiku hakuna gari la wagonjwa, mkewe ana uchungu, amepanda bodaboda kwa sababu ndicho chombo kilichopatikana. Helmeti ilikuwa moja, nayo kichwani kwa dereva. Niambie, kwa haki, kosa hilo linaandikwa kwenye faili la nani.

Sisemi kwamba binadamu hana hiari. Wapo wanaojiharibia kwa makusudi, na nimewauguza. Lakini kuupima mchango wa hiari ndani ya ugonjwa ni kazi ambayo daktari hakusomea, haina chombo, na mara zote itafanywa kwa kumtazama mtu usoni na kwenye mavazi. Mwenye uwezo anayekunywa mvinyo nyumbani kwake ataandikiwa ugonjwa wa ini. Anayekunywa gongo ataandikiwa ulevi. Hilo halihitaji utafiti; kila muuguzi analifahamu.

Nchi hii ilikwisha kulijibu swali hili mara tatu, na mara zote tatu ilijibu vizuri.

Mara ya kwanza ni kifua kikuu. Mpango wa Taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977. Walioletwa walikuwa wachimbaji, wafungwa, watu wa vilabuni, watu waliolala kumi chumba kimoja. Matibabu yalikuwa bure kwa wote, na mhudumu alisimama kuhakikisha dawa imemezwa. Hakuna aliyeulizwa alikuwa anakunywa na nani siku alipoambukizwa. Daktari Karel Styblo na wenzake Watanzania waliujenga utaratibu huo hapa, na miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likausambaza ulimwenguni. Dunia ilijifunza kutoka kwetu kumtibu kila mtu bila masharti ya tabia, kwa sababu bakteria wa mlevi akikohoa ndani ya basi hamchagui mcha Mungu wala mlevi mwenzake.

Mara ya pili ni UKIMWI, na hapa naomba unisikilize kwa kituo.

Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Sisi tuliokuwapo tunakumbuka jina la Juliana, jina la nguo ya biashara iliyovuka mpaka, ambalo watu waliupachika ugonjwa huo kabla haujapata jina rasmi. Tunakumbuka pia hukumu zilizoambatana nalo. Hakuna ugonjwa katika maisha yetu uliohusishwa na tabia kuliko huo. Mgonjwa aliitwa malaya kabla hajalala kitandani. Wapo waliotengewa sahani na kikombe, wapo waliozikwa haraka haraka kwa minong'ono. Na hoja ya kujitakia ilikuwapo wakati huo huo, kwa maneno yale yale: aliyatafuta mwenyewe, dawa ni ghali, kwa nini tumgharamie?

Mwaka 2004 nchi ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bure. Kwa wote. Mke aliyeletewa na mume, mume aliyetoka nje, mtoto aliyezaliwa na virusi, dada anayejiuza, dereva wa lori, mwalimu wa Jumapili. Fikiria ingekuwaje kama kwenye mlango wa CTC, kliniki ya kutolea dawa hizo, pangewekwa meza ya kuuliza: uliupataje? Wasio na hatia waingie, wengine wapite dirisha la kulipia. Nani angesimama kwenye foleni hiyo? Kusimama tu kungekuwa kuungama hadharani. Mke asiye na kosa naye asingekuja, kwa maana kuja kwake kungemtaja mumewe. Wangejificha wote, na wakiwa mafichoni wangeendelea kuambukizana.

Leo, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, kati ya watu wazima wanaojua kwamba wanaishi na virusi, zaidi ya asilimia 97 wako kwenye dawa, na kati ya hao walio kwenye dawa zaidi ya asilimia 94 virusi vyao vimefubazwa. Mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Maana yake kumtibu yule tuliyemwita malaya kumemkinga binti ambaye hamjui na hatamjua kamwe. Kama kuna hoja moja ninayotaka uipeleke bungeni na kwenye vikao vya bajeti, ni hiyo. Fedha zilizotumika kwa "aliyejitakia" ziliokoa watu ambao hawakujitakia chochote.

Mara ya tatu ni dawa za kulevya. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, na baadaye Mwananyamala, Temeke, Zanzibar na mikoa mingine ikafuata. Waraibu wa heroini, vijana ambao mtaani wanaitwa mateja, wanafika kila siku kunywa dozi mbele ya mhudumu, bure. Ukitaka mtu wa kumwambia alijitakia, hakuna anayefaa kuliko huyo. Sindano alijichoma mwenyewe. Lakini aliyewahi kumwona kijana akigaagaa kwa arosto, yaani mateso ya kuikosa heroini, kisha akamwona mwaka mmoja baadaye amenyoa, anamsindikiza mama yake sokoni, hawezi kurudi kwenye mazungumzo ya nani anastahili. Kliniki hizo zimewapunguzia wazazi wizi wa vyombo vya ndani. Zimepunguza kuchangia sindano. Zimewarudisha watu kwenye orodha ya walipa kodi. Tungewaambia wajilipie, wangelipa kwa kuiba.

Sasa nije kwenye hofu yangu kubwa, ambayo haiko kwenye hospitali za rufaa wala Dodoma. Iko kwenye kikao cha kijiji.

Asiye na uwezo hatambuliwi na kompyuta. Anatambuliwa na watu: mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kamati, mkutano wa hadhara, ofisi ya ustawi wa jamii. Tumeona katika Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) jinsi jamii yenyewe inavyotaja kaya maskini, na kwa mambo mengi ni njia nzuri, kwa kuwa jirani anajua paa la nani linavuja. Lakini jirani huyo huyo anajua nani anakunywa, nani aliachika, nani haendi msikitini wala kanisani, nani aligombana na mwenyekiti. Sheria inaweza kuwa safi kabisa kwenye karatasi, isiwe na neno hata moja kuhusu tabia, na bado mtu mmoja akasimama mkutanoni aseme, "Huyu hapana, hela zote anamalizia pombe," watu wakaitikia, jina likafutwa. Hakuna kumbukumbu itakayoonyesha kwamba alinyimwa huduma. Itaonekana tu kwamba hakuwa na vigezo.

Na akifutwa hafutwi peke yake. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulihesabu kaya, shilingi 30,000 kwa watu sita, na mazoea ya kuhesabu kaya yamejikita. Mlevi akiondolewa, anaondoka na mkewe mwenye presha na watoto wake wanne. Wale watoto wameshaadhibiwa vya kutosha kwa kuwa na baba huyo.

Wapo watakaoniambia nawadharau wanavijiji. Mimi ni mtoto wa kijijini na siwadharau. Nakumbusha tu kwamba Kanda ya Ziwa, katika miaka ambayo wengi wetu tuliishuhudia, vikongwe waliuawa kwa kuitwa wachawi, na ushahidi mkubwa dhidi yao ulikuwa macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni. Watu waliusoma mwili wa mgonjwa wakatangaza dhambi. Jamii yoyote, ya mjini au ya shamba, inaweza kufanya hivyo ikipewa ruhusa. Kazi ya Serikali ni kutoitoa ruhusa hiyo.

Kuhusu fedha, maana najua hatimaye mazungumzo yote huishia hapo. Sheria ya 2023 yenyewe imetaja vyanzo vya kuwagharamia wasio na uwezo, na ndani yake umo ushuru wa vileo, wa vinywaji vyenye kaboni na wa vipodozi, pamoja na kodi ya michezo ya kubahatisha. Nilipoyasoma hayo nilifurahi, kwa kuwa yanajibu lile swali la mama aliyekuta kitanda kimekaliwa. Mnywaji wa bia ameshachangia. Kwa kila chupa aliyofungua alilipa ushuru, na sehemu ya ushuru huo imepangiwa kumtibu mzee asiyekunywa kabisa. Kumtoza kwenye chupa, kisha kumfungia mlango ini likiharibika, ni kumtoza mara mbili. Wakopeshaji tu ndio hufanya hivyo.

Tumbaku ni vivyo hivyo, na zaidi. Nchi yetu ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa tumbaku barani Afrika. Urambo, Kaliua, Chunya wanaishi kwa zao hilo. Msimu ukiwa mzuri viongozi hutangaza mapato yake kwa fahari. Tuna Sheria ya Bidhaa za Tumbaku tangu 2003, na mwaka 2007 tuliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, lakini bado kijana ananunua sigara moja moja kwenye meza ya barabarani bila kuulizwa umri. Tukiliruhusu jani, tukalitoza kodi, tukalisafirisha na kulisifia, hatuna uso wa kumwambia aliyelivuta kwamba hatumjui.

Pale tulipoamua kweli kupunguza madhara, tuliweza. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali vilivyokuwa vinauzwa kwa bei ya andazi na kufichwa kwenye mfuko wa sare ya shule. Kelele zilikuwa nyingi. Wenye viwanda walilalamika, wafanyabiashara walikuwa na shehena ghalani. Serikali ilishikilia. Mnywaji wa viroba hakufukuzwa hospitalini. Kiroba ndicho kilichoondolewa dukani. Uwajibikaji ulipelekwa kwa mtengenezaji, aliyekuwa na uwezo wa kuubeba, na hiyo ndiyo njia ninayokuomba uifuate tena, kwenye soda, kwenye sigara ya rejareja, kwenye matangazo ya pombe, kwenye pikipiki zinazouzwa bila helmeti mbili.

Ipo sababu nyingine ambayo watu wasiokaa wodini hawaioni. Matibabu yanaanza na maneno ya mgonjwa. Tunamuuliza: unakunywa? unavuta? dawa ulikuwa unameza? ulikula nini? Jibu la kweli linaamua dozi ya usingizi kabla ya upasuaji, linaamua dawa gani itamdhuru ini, linaamua kama mtetemeko wa mikono ni malaria au ni pombe iliyokatika ghafla. Mlevi akilazwa akaficha ulevi wake, siku ya pili au ya tatu anaweza kuanza kuweweseka na kupata degedege, na wauguzi wakahangaika kutafuta sababu. Siku mgonjwa atakapojua kwamba jibu lake linaamua bili, atatudanganya. Hatadanganya kwa ubaya. Atadanganya kwa sababu ana watoto. Tunayo kumbukumbu ya fomu ya polisi, PF3. Ilikuwa na nia njema, lakini kwa miaka mingi majeruhi walizungushwa kwenda kuitafuta kwanza damu ikitoka, na waliokuwa na sababu ya kuogopa polisi walibaki nyumbani na majeraha hadi yakaoza, hata ilipoelezwa kuwa majeruhi atibiwe kwanza na fomu ifuate. Mlango wa hospitali ukigeuka kituo cha mahojiano, watu hutafuta mlango mwingine: duka la dawa baridi, mganga, au kitanda cha nyumbani. Kisha wanakuja kwetu wakiwa wamechelewa. Kidonda cha mguu cha mwenye kisukari ambacho kingesafishwa na kufungwa bandeji kwa wiki kadhaa kinakuja kukatwa. Figo ambazo zingelindwa kwa vidonge vya presha zinakuja kusafishiwa damu mara tatu kwa wiki maisha yote. Hiyo ndiyo akiba tunayoahidiwa.

Na presha yenyewe si ugonjwa wa wakaidi wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu, na zaidi ya 9 katika kila 100 wana kiwango cha juu cha sukari. Wengi hawakuwa wanajua. Huwezi kumwadhibu mtu kwa kukaidi ushauri ambao hakuna aliyewahi kumpa.

Sitaki nieleweke vibaya katika mambo mawili. Daktari bingwa akimwambia mgonjwa aache sigara kwa wiki kadhaa kabla ya upasuaji ili kidonda kipone, hiyo ni tiba, na anayo haki ya kuisimamia, mradi amsaidie kuacha na asitumie sharti hilo kumtoa kwenye orodha moja kwa moja. Na dereva aliyelewa akagonga watoto wa shule, mahakama ipo, jela ipo, leseni inafutwa. Ahukumiwe huko kwa uzito wote. Lakini akiletwa kwetu amevunjika mbavu, tutamwekea dripu kwanza.

Nimeona jambo moja mara nyingi, nalo halimo kwenye takwimu. Mtu husikia akiwa kitandani. Kijana aliyevunjika paja, amelala wiki sita mguu ukivutwa kwa uzito, ndiye mwanafunzi bora wa somo la helmeti. Wengine hutoka wakawa wahubiri wa somo hilo kijiweni. Mnywaji aliyetapika damu usiku, asubuhi yake anaweza kukubali kuzungumza na mshauri kwa mara ya kwanza maishani. Tatizo ni kwamba mshauri hayupo. Hospitali nyingi za wilaya hazina mtu wa kukaa na mlevi nusu saa, na afisa ustawi wa jamii ni mmoja kwa wagonjwa wote, akishughulika na misamaha na maiti zisizo na ndugu. Tunataka watu wabadilike, lakini hatujaajiri wa kuwabadilisha. Weka fedha hapo, Mheshimiwa, na utapata ule uwajibikaji ambao wananchi wanaulilia.

Kwa hiyo naomba mambo haya, na naomba yaandikwe. Kanuni za bima ziwe na kifungu kinachosema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa huduma, kucheleweshewa, wala kuongezewa gharama kwa sababu ya namna alivyopata ugonjwa au jeraha lake. Mwongozo wa kuwatambua wasio na uwezo uzuie kabisa ulevi, mwenendo wa ndoa, imani au ugomvi wa mtu kutajwa kama sababu ya kumwondoa, na aliyeondolewa apewe sababu kwa maandishi na mahali pa kukata rufaa nje ya kijiji chake. Ushuru wa vileo na soda uliotengwa kwa ajili ya wagonjwa utangazwe kila mwaka, umeingia kiasi gani na umemtibu nani, ili mama yule aliyekuta kitanda kimekaliwa aone mwenyewe.

Ibara ya 11 ya Katiba yetu inaitaka nchi iweke utaratibu wa mtu kusaidiwa na jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Imetaja maradhi, ikaishia hapo. Haikutaja maradhi ya wema. Kanuni utakazosaini zisiongeze kile ambacho Katiba haikukiweka.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi mstaafu